Baba Alipoacha Kulala

Ng'ombe wa mahari yangu walipofika kwetu Nyamwaga, baba aliacha kulala. Wezi walikuwa wameshapita kwa majirani, naye akaapa kwamba hawa hawaibiwi ng'o. Ng'ombe hao walikuwa na kazi yao. Kwa desturi yetu, kaka yangu wa tumbo moja ndiye angeoa kwa mahari yangu. Mimi niende kwa mzee aliyenitolea mahari, kaka apate mke. Nilikubali kwa ajili yake tu, maana huyo mume mwenyewe, jamani, hata sura yake sikuitaka.

Usiku baba alikaa mlangoni mwa zizi na mkuki, mchana akalima. Kaka akitaka kumpokea zamu, anafukuzwa. "Nyinyi vijana mnalala kama magogo!" Macho yake yakawa mekundu. Aliniita kwa jina la shangazi. Alianza maneno akayaacha katikati, akasahau kama amekula. Mama akimwambia alale, anakuja juu. Basi tukamzoea hivyo.

Asubuhi moja wakaja wazee kutoka Nyarero, wazazi wa binti aliyeposwa na mtoto wa kiume wa mama mdogo, mke wa pili wa baba. Mahari waliyotudai ilikuwa ingojee mavuno. Walikuja kuzungumza tu. Tukawapa pombe ya wimbi. Mmoja wao akanyoosha fimbo kuelekea zizini.

"Ndio hawa ng'ombe wetu?"

Baba alikuwa amekaa wima, macho wazi. Nilikuwa namimina pombe mbele yake, nikaona kabisa akili yake haipo.

"Ndio hao," akasema.

"Tunaweza kwenda nao leo?"

"Nendeni nao."

Kwetu, neno la mwenye mji, mkuu wa nyumba, likishatoka mbele ya wazee, halirudi. Mama alipiga yowe. Baba akashtuka ng'ombe wanatoka, akauliza wanapelekwa wapi. Zizi likabaki tupu, naye akaanguka usingizi palepale, mchana kweupe, anakoroma. Kaka alimfunika blanketi, akatuambia tusipige kelele.

Sikulia. Nilingoja uchungu uje, haukuja, ganzi tupu. Kaka hakuwa na cha kuolea tena, lakini mimi nilikuwa nimeshalipiwa. Wakwe zangu walipotuma watu kunichukua, niliondoka nao. Kaka ndiye aliyenisindikiza mpaka mlangoni kwa yule mzee, akanikabidhi, akarudi nyumbani peke yake.