Mafua Yanayosubiri Mtoto Acheke

Binti yangu alipokuwa na miaka sita alikohoa miezi mingi, nami nikawa na jibu kila mara. Mvua zikinyesha nilisema ni mafua ya baridi, kiangazi nikasema vumbi la mtaa wetu wa Mafiga. Nilinunua dawa ya kikohozi chupa baada ya chupa. Ilimtuliza siku mbili tatu, kisha tukarudi palepale.

Likizo ya mwezi wa sita nilimpeleka kijijini Kinole kwa mama mkwe, nikiamini hewa ya mlimani itamponya. Alikohoa zaidi. Bibi yake anapikia kuni, na mtoto hakubanduka jikoni.

Siku ya nne tulikuwa uani, mimi na mama mkwe, tunachambua karafuu. Watoto wa jirani walicheza rede, wakikimbia kuukwepa mpira. Wangu alikaa kizingitini anawatazama.

"Huyu mtoto mvivu?" mama mkwe akaniuliza.

"Hapana, mama. Anapenda sana kucheza."

"Basi mbona kakaa? Jana kakimbia kidogo tu, akashika kifua. Akicheka sana, anakohoa. Nikiwasha moto, anakohoa. Akilala, kifua kinalia kama paka mdogo. Mafua gani hayo yanamsubiri mtu acheke?"

Niliona aibu, maana yote hayo yalipita mbele ya macho yangu.

Kesho yake nilishuka na mtoto hospitali ya mjini. Daktari, mama wa makamo, hakukimbilia kuandika dawa. Aliuliza kikohozi kinakuja wakati gani, kisha akauliza kama kuna mwenye pumu kwenye ukoo.

"Hakuna," nilijibu. Halafu nikamkumbuka marehemu baba yangu, alivyokuwa akikaa kitandani ameinama, akivuta pumzi kwa shida. Kwetu hatukuwahi kuita pumu. Tuliita "kifua cha baba".

Daktari alimsikiliza mtoto mgongoni, akampa dawa ya kuvuta kupitia chupa ya plastiki, tukangoja, akamsikiliza tena. Akatabasamu.

"Kifua kimefunguka. Inaelekea ni pumu."

Machozi yalinitoka. Nilidhani dawa ile ni ya wagonjwa walioshindikana.

"Mama, usilie," alisema, akinikabidhi dawa ile na chupa yake. "Wengi wanaoitumia wanasoma, wanacheza mpira. Ila siku ukiona mbavu zinaingia ndani, au anashindwa kumaliza sentensi, mpe dawa umlete mbio."

Nilipompigia simu mama mkwe, aliguna tu, kisha akasema, "Sasa tunajua jina lake." Wiki ile ile akamtafuta fundi, akahamishia jiko mbali na chumba cha kulala.

Bado zipo siku mbaya, hasa hali ya hewa ikibadilika. Lakini Desemba tuliposhuka kwenye gari pale Kinole, binti yangu alibeba begi lake mwenyewe akapanda kilima cha kwenda kwa bibi bila kusimama. Nilimkuta juu anakula fenesi, mimi ndiye niliyekuwa nahema.