Mzee Anakwenda Wapi na Viatu Vyangu?

Kutaka kujua si dhambi, lakini binti wa fundi viatu alikuwa amepita kiasi. Kila Jumapili baba yake alipanda treni ya asubuhi, amevaa viatu alivyoshonewa na binti huyo, na kila Jumapili jioni alirudi navyo vimejaa tope jekundu mpaka kwenye kamba. Akiulizwa alikokuwa, alijibu, "Kutembea." Basi. Mtu mwenye magoti mabovu!

"Dada, mzee kapata mtu," alisema mdogo wake, akicheka mpaka chai ikampalia. "Tujiandae kupata mama mpya."

Binti hakucheka. Tangu baba alipomwachia kibanda cha kazi, kulikuwa na jambo lililomkaa kooni. Mteja akija kumuulizia fundi, mzee, ambaye hakukosa kupitapita pale, alijibu, "Fundi amestaafu. Yupo huyu binti, anajaribujaribu." Anajaribu! Na mikono yake imeota sugu kwa kuvuta uzi! Pengine mzee alijuta kumwachia kazi. Pengine huko kwenye tope jekundu alikuwa na mwanafunzi mwingine, anamfundisha kwa siri. Wazo hilo lilimuuma kuliko la mama mpya.

Jumapili hiyo akapanda treni ileile, behewa la nyuma, kitambaa kimeshushwa mpaka kwenye nyusi. Mzee akashuka kwenye kituo kisicho na hata paa: benchi moja, kibao kilichofutika maandishi, na mashamba pande zote. Binti akajibanza nyuma ya benchi mpaka mgongo wa baba ukapotelea kwenye mahindi.

Njia ikagawanyika, ikagawanyika tena, lakini hakupotea. Soli zile alizikata yeye mwenyewe kutoka tairi kuukuu, na ya kushoto ina kiraka kisiginoni. Kila penye tope aliona kiraka chake kimepigwa chapa. Kilichomshangaza ni njia yenyewe. Mzee aliacha barabara nzuri akapanda penye mawe makali. Akashuka bondeni, akavuka kijito katikati ya maji, na daraja la mbao liko pale pale pembeni.

"Au ndiyo uzee?" alijiuliza, naye akaingia majini.

Alipotokea ng'ambo, soli ya kiatu chake ikaachama, ikawa inapiga makofi kila hatua. Mzee alikuwa ameketi juu ya jiwe, viatu mkononi, anapapasa ndani kwa vidole. Akageuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefuata nini huku?"

"Nataka kujua unakuja kwa nani."

"Kwa nani tena? Nakuja na hivi." Akaviinua viatu. "Kiatu hakijaribiwi barazani, mwanangu. Kwanza mawe, kisha maji. Mimi pia babu yako alinifanyia hivi, wala hakuniambia."

"Sasa?"

Mzee akatia mkono mfukoni, akatoa sindano ya viatu na kibunda cha uzi wa nta, bado kimefungwa kwa karatasi ya dukani.

"Hivi nabeba kila Jumapili tangu mvua za mwaka jana, ili kazi yako ikifumuka nisirudi peku." Akakigeuza kile kibunda. "Sijakifungua."

Binti furaha ilimjaa mpaka machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

"Na hicho kinachopiga makofi mguuni mwako," mzee akauliza, "kakishona nani?"

Binti akatazama chini. Mganga hajigangi. "Nilinunua dukani, baba. Sikupata nafasi ya kujishonea."

Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamrushia kibunda.

"Haya, fungua ushone upesi, fundi. Treni haitatungoja."