Gari imekosa nguvu baada ya engine swap, mimi nahangaika na plagi, kumbe mwanangu ndiye anayekwisha

Wakuu, assalaam aleikum na poleni na mihangaiko.

Haya ninayoandika yamenikuta mimi, hapa hapa Unguja. Atakayeona natia chumvi, ruksa. Mimi nilikuwepo.

Nina gari ya zamani, four-wheel ndogo. Injini yake ya kwanza ilikufa, nikaiwekea nyingine kubwa kidogo iliyotoka kwenye gari ya aina nyingine. Wazee wa engine swap mnaijua raha yake. Siku za mwanzo nilikuwa napita Michenzani shingo juu, utadhani nimeshusha gari mpya bandarini.

Baadaye nguvu zikaanza kukata.

Unakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari haiendi. Kilima kidogo tu, napitwa na baiskeli. Nikabadili plagi, nikabadili filta, nikasafisha tangi, nikaweka pampu nyingine ya mafuta. Wapi! Kijiweni kila mtu fundi. Mmoja akaniambia injini "haijaizoea bodi".

Sasa kuna jambo la pembeni, msiliruke.

Mke wangu ni mtu wa udi. Wenyeji wa huku hamhitaji maelezo. Kabla ya safari lazima aifukize gari kwa chetezo, halafu vioo vya nyuma vifungwe ili harufu ikae. Na mimi nilikuwa najisifu kwa washkaji kwamba gari yangu inanukia kama chumba cha bibi harusi.

Binti yetu Rahma ana miaka miwili. Kila tukienda Kizimkazi kwa bibi yake, njiani analala fofofo. Akiamka, anatapika. Bibi yake akasema ni kijicho, akamsomea. Mke wangu naye akilalamika kichwa, namwambia joto hilo.

Akili yangu yote ilikuwa kwenye nguvu za gari.

Karibuni baba mkwe akafariki, mama mkwe, yule bibi wa Kizimkazi, akakaa eda. Akiwa edani presha ikampanda, ikabidi tumkimbize hospitali mjini. Mjane aliye edani hatumii manukato, kwa hiyo siku hiyo chetezo kilibaki nyumbani. Mke wangu aliondoa hata kile kichupa cha marashi kinachoning'inia kwenye kioo, akaifuta gari yote kwa maji na sabuni.

Tumefika maeneo ya Jozani. Mama mkwe amekaa nyuma, Rahma kalala mapajani mwake.

"Baba Rahma, humu mna moshi."

"Wa gari za mbele huo, mama."

"Si wa mbele. Unatoka chini ya miguu yangu." Akamgeukia mtoto. "Na huyu mbona nnamtikisa haamki? Simama! Huyu hakulala, mwanangu. Huyu kazimia!"

Wakuu, sikumbuki nilivyosimamisha gari. Nakumbuka mke wangu anamtoa mtoto, kichwa kinaning'inia, midomo haina rangi. Mama mkwe, mjane na mgonjwa, kapiga magoti kwenye majani anampepea kwa mtandio wake na kumwita jina. Mimi nimesimama tu kama gogo.

Rahma akakohoa. Akatapika. Akalia.

Sijawahi kukipenda kilio namna ile. Gari iliyokuwa inapita ikatuchukua sote hadi hospitali. Daktari aliposikia habari ya moshi, aliwawekea oksijeni mtoto na bibi yake, kisha akaniuliza familia imekuwa ikisafiri na gari ile kwa muda gani. Nikaanza kuhesabu miezi kwa vidole.

Gari ikavutwa hadi Amani kwa fundi aliyebadilisha injini. Tukaingia chini yake pamoja.

Tulipobadilisha injini tuliacha ekzosi ya zamani. Masega yake ya ndani, yale ya kuchuja moshi, yalikuwa yamevunjika na kuziba njia. Injini inavuta pumzi vizuri, kuitoa haiwezi, ndiyo maana haina nguvu. Moshi uliokosa njia ya nyuma ukawa unavujia kwenye kiungo cha kuchomelea, na juu ya kiungo hicho kuna tundu tulilokata sakafuni ili giaboksi mpya ikae. Tundu tulilifunika kwa zulia.

Zulia, wakuu!

Fundi alitoka chini ya gari akakaa juu ya tairi. "Nlisema ntakuja kuliziba lile," akasema.

Masega yalipotolewa, gari ikarudisha nguvu zake zote. Wala sikufurahi. Kwa miezi udi wetu ulikuwa unauficha moshi, na mimi ndiye niliyekuwa nafunga vioo.

Kwa hiyo gari yako ya engine swap ikikosa nguvu, kabla ya plagi weka mkono nyuma ya ekzosi uone kama inapumua. Nyanyua zulia, ukague sakafu. Na mtoto anayelala kila safari na kuamka anatapika, usimsingizie kijicho.

Juzi mke wangu aliniuliza: baba yake asingefariki, tungejua lini?

Mwenye uzoefu wa jambo kama hili aseme, nasoma kila comment.