Mama Vumbi na Wingu la Mkurugenzi

Ofisini walimwita Mama Vumbi, na aliyembandika jina hilo ni mkurugenzi, bwana mwenye suti saba asiyejua kutofautisha moshi na wingu. Mama Vumbi hakukasirika. Mtu humkasirikia anayemhesabu, na yule hakumhesabu.

Kwa miaka kumi na tisa alikaa chumba cha nyuma cha ofisi ya hali ya hewa, kilichopakana ukuta na choo, akisoma picha za setilaiti zinazoingia kila robo saa. Wingu ni jeupe na lina kingo. Moshi ni wa kijivu, huanzia mahali pamoja kama mkia kisha hutawanyika. Vumbi ukilibadilishia rangi kwenye kompyuta hugeuka la waridi. "Si uchawi," alizoea kusema, "ni kukaa kitako tu." Na kukaa kitako ndiko kulikowashinda mabwana wa ghorofani.

Ijumaa moja asubuhi aliona vidoa vyekundu vya moto kwenye msitu wa magharibi. Kufika saa nne, mkia wa moshi ulikuwa umevuka mto, na kando yake upepo ulikokota vumbi la mashamba yaliyokauka. Akapiga hesabu: saa nane vyote viwili vingekuwa juu ya uwanja wa michezo, ambako watoto kutoka shule ishirini wangecheza halaiki mbele ya waziri.

Akapanda ghorofani na picha mkononi. Mkurugenzi alikuwa mbele ya kioo, anafunga tai.

"Hilo ni wingu, mama. Hata mimi naliona."

"Wingu halioti mguu, bosi. Hili limesimama juu ya moto."

"Waziri aje akute tumetangaza moshi? Unanitakia mema kweli? Hebu rudi kwenye vumbi lako."

Alirudi. Debe tupu haligombezwi. Akampigia wifi yake, dada wa mumewe, mwalimu mkuu wa shule ya msingi.

"Wifi, watoto wasiende uwanjani. Moshi unakuja."

"Unanitania? Amri imetoka juu. Nikikataa watanila nyama."

"Wenye pumu unao wangapi?"

"Kumi na mmoja." Kisha wifi akashusha pumzi. "Basi letu limeharibika sasa hivi. Ngoja niwapigie wenzangu."

Mpaka saa saba, shule tisa zilikuwa na mabasi mabovu. Tangu mji ule uwe mji, mabasi hayakuwahi kuugua pamoja namna ile.

Saa nane na dakika kumi, jua likawa rangi ya chai ya rangi. Waziri alikohoa katikati ya hotuba, akakimbizwa garini. Watoto thelathini na wanne walipelekwa hospitali. Kwa bahati hakufa mtu. Mama Vumbi hakujipongeza. Aliziwaza zile shule kumi na moja ambazo simu haikuzifikia, akajifungia chooni akalia.

Jioni mkurugenzi alitokea kwenye televisheni. "Idara yangu ilifuatilia hali hii tangu alfajiri," alisema, akiinua ile picha ya setilaiti aliyoletewa na Mama Vumbi. Alikuwa ameishika kichwa chini, kaskazini imekuwa kusini.

"Huyu ndiye bosi wenu?" mumewe akauliza.

"Huyu ni suti," akajibu. "Bosi hatujaletewa."

Jumatatu akapewa barua ya onyo kwa kutoa taarifa bila idhini. Akatia sahihi huku amesimama, akarudi kwenye skrini yake.

Tangu hapo walimu wakuu humpigia simu kila asubuhi, na mkurugenzi hujifanya hajui. Afanyeje? Mkewe naye hupiga, kwa sauti ya chini, kuuliza kama mjukuu wao mwenye pumu atoke kucheza.

"Leo mwache ndani, mama," Mama Vumbi humwambia kwa upole, kwani mtoto hakumchagua babu. "Kesho hewa itakuwa safi."