Bomba Alilochomelea Ozella

Ozella Shook hakuwa mtu wa kuamini ovyo. Dukani alifungua kasha la mayai akayageuza moja moja, na kanisani, wenzake walipofumba macho kusali, yeye alibaki akimchungulia mchungaji. Mtu mmoja tu hakuwahi kumtilia shaka: marehemu mumewe Garland, aliyeshinda mbio kubwa za magari za kaunti kwa gari lake, Chevelle nyekundu, jirani yao Hoyt Absher akiwa wa pili.

Hoyt alidai tangu siku ile kwamba aliibiwa. "Hakusimama kujaza petroli hata mara moja! Gari lake linakunywa upepo?" Ozella akamkatia salamu. Garland alipofariki, Hoyt alileta paja la nguruwe la kuokwa, naye Ozella akawatupia mbwa, asije akalishwa sumu.

Sasa fundi mmoja, Travis Biddix, alisimamisha trela uani kwake. Juu yake ilikaa Chevelle nyekundu inayong'aa, namba ya Garland, 46, ubavuni. Alisema aliikuta imeoza ghalani kwa mtu, akaifufua kwa miaka kadhaa. Jumamosi angeizungusha uwanjani, na alitaka Ozella atamke mbele ya watu kuwa ndilo gari la Garland.

"Namba hata mimi najua kupaka," Ozella alisema. "Matapeli mmezidi siku hizi. Mnaokota gari la kwendea kanisani, mnaliita la mbio."

"Kagua mwenyewe, mama."

"Nitakagua. Na wewe simama pale, mikono niione."

Milango ya gari la mbio huchomelewa isifunguke, kwa hiyo aliingiza kichwa na mabega dirishani, akapapasa bomba la chuma nyuma ya kiti, la kumkinga dereva gari likipinduka. Zamani Garland aliungua mkono, akamwachia yeye alichomelee bomba lile. Kazi yake ilitoka na vinundu vinundu, akachekwa mwezi mzima. Vidole vilipovikuta vile vinundu, furaha ilimjaa mpaka machozi yakamlenga.

"Hapo palivyo pabaya nilitaka kupasaga," Travis alisema. "Nikaona pameziba vizuri mno, nikapaacha. Mlikuwa mnatia galoni ngapi humo?"

"Humo wapi?"

"Kwenye bomba, mama. Si ndilo tangi lenu la siri la petroli? Koki yake hii hapa, chini ya kiti."

Ozella hakutoa kichwa dirishani. Alimsikia Garland, mkono kwenye bandeji, akimsimamia: "Ziba sawasawa, mpenzi, isipite hata hewa." Na yeye, mgeuza mayai, hakuuliza chuma cha kumkinga dereva kinazibwa hewa isipite ili iweje. Aibu ilimchoma kuliko hasira.

"Vipi, mama? Silo?"

Angekana tu, jina la Garland lingebaki safi, na kijana angerudi na sifa ya utapeli.

"Ndilo," alisema. "Na hiyo koki usiing'oe. Watu waione."

Jioni alibisha kwa Hoyt, mkononi ana pai. Mzee alichungulia kupitia wavu wa mlango, akaitazama pai, akamtazama yeye.

"Umetia nini humo?"

"Viazi vitamu. Hoyt, Garland hakusimama kujaza petroli."

"Miaka yote nasema nini?"

"Tangi alilificha kwenye bomba. Bomba nilichomelea mimi. Sikujua."

Hoyt akafungua mlango.

"Ingia, Ozella. Ila kipande cha kwanza unakula wewe."