Bega la Nguruwe na Bakuli la Jirani

Mama yangu akipiga simu kutoka nyumbani huuliza maswali mawili hata kabla salamu hazijaisha. La kwanza: umekula? La pili: umekula na nani? La kwanza halinisumbui. Mimi ni mpishi wa nyumba ya watu hapa Dubai, huu mwaka wa saba, na chakula hakijawahi kunipita kando. Hilo la pili ndilo linalonitoa jasho. Huku unaweza kumaliza wiki nzima unakula umesimama, sahani juu ya friji, ukisikiliza mashine ya kufulia.

Wenye nyumba ni madam na sir, Wazungu, na watoto wao wawili. Sir yuko kwenye kampuni ya mizigo kule Freezone ya uwanja wa ndege, na siku za kazi ni mtu wa tai na simu mbili. Jumamosi anageuka mtu mwingine. Alichongesha jiko la moshi kwa mafundi wa kuchomelea wa Al Quoz: pipa la mafuta limepasuliwa katikati, likatiwa bawaba, wavu na bomba. Humo huweka bega la nguruwe alfajiri na kulitoa jioni, limeiva kwa moshi mpaka linachambuka kwa uma.

Kwetu Kilimanjaro mdudu, ndivyo tunavyomwita nguruwe tukiwa na njaa, anakatwa vipande, anakaangwa, na kabla hujamaliza soda yako ya kwanza ameshafika mezani na ndizi na pilipili. Kwa hiyo nilipomwona mwanamume mzima amekaa kitini siku nzima analinda nyama nikasema moyoni, huyu pesa zimemzidi. Baadaye alinifundisha, nami nikanyamaza. Alinionyesha moshi mweupe mzito unaotia nyama uchungu, na moshi mwembamba ambao karibu huuoni, ndio unaotakiwa. Akanionyesha kwamba ikifika mchana nyama hugoma, joto lake halipandi kwa saa mbili, tatu, na mpishi mpumbavu huongeza moto. Usiongeze moto, alisema. Kaa.

Sasa nimtaje mtu wa pili wa habari hii. Nyuma ya nyumba yetu kuna ukuta, na kwenye ukuta kuna mlango mdogo wa chuma, kwa sababu nyumba zile mbili zamani zilikuwa za ndugu wawili. Ng'ambo ya mlango alikaa Bibi, mjane wa Kiunguja aliyeletwa Dubai bibi harusi na hakurudi tena. Aliishi na mwanawe anayeongea Kiarabu na wajukuu wanaoongea Kiingereza. Tulijuana kwa sababu ya paka. Nilikuwa namfokea paka aliyenipindulia pipa la taka: "Mkosa adabu wewe, huna kwenu?" Sauti ikanijibu nyuma ya ukuta, taratibu kabisa, "Anako. Kwao n'huku kwangu."

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa baada ya sala, mlango ule uligongwa na bakuli likapita. Bakuli lenyewe la bati, jeupe, lina maua mekundu ndani, na ukingoni limebanduka kidogo. Likija na bokoboko la ngano na nyama, nalirudisha na maandazi. Likija na biriani, nalirudisha na mtori, na Bibi akawa anautania mtori wangu, eti ni uji uliopotea njia. Halikurudi tupu hata siku moja, upande wowote. Kwa watu wa pwani chombo cha jirani hakirudi tupu, na kwetu milimani pia ni aibu, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake.

Mara moja tu aliniuliza. "Mwanangu, yule mnyama mnampika humo ndani?" Nikamwambia ukweli: anapikwa nje, na vyombo vya chakula chako, Bibi, viko kabati la juu, sufuria yake, kisu chake, mwiko wake, havichanganyiki. Akasema, "Basi n'nakuamini." Hakuuliza tena. Kila Ijumaa tukakaa kwenye kizingiti cha mlango ule, mguu mmoja kwake mguu mmoja kwangu, tukala na kumsema kila mtu. Hicho ndicho kilikuwa kijiji changu chote.

Desemba iliyopita madam na sir walisafiri kwenda kwao kwa Krismasi. Likizo yangu ilisogezwa hadi mwezi wa saba, nami nikabaki na funguo, mimea ya kumwagilia na samaki wawili wa watoto. Mtu ambaye si wa kwetu hawezi kujua maana yake. Krismasi Wachaga wote wanapanda mlimani. Hata aliyegombana na baba yake miaka kumi anapanda, wakagombane vizuri. Kaka yangu alinipigia akiwa ndani ya basi, nasikia watu wanaimba, akaniuliza kwa utani kama huko kwa Waarabu mdudu anapatikana. Nikamwambia anapatikana, ana chumba chake nyuma kabisa ya supamaketi, na mlango wake, na bango lake la kuwaonya Waislamu. Akacheka. Nilipokata simu nililia, sitaficha.

Madam akaniandikia kwamba kuna bega kwenye friji ya barafu, kubwa, lenye mfupa, nilipike nile, la sivyo litazeeka humo. Nikaamua kulipika kwa moshi mwenyewe, siku ya Krismasi yenyewe. Ni kazi ya siku nzima, na siku nzima ndiyo iliyokuwa inanitisha. Usiku nililipaka chumvi, sukari guru, pilipili, kitunguu saumu na tangawizi. Alfajiri, msikiti unaadhini, niliwasha mkaa, nikatia vipande vya mti wa tufaa alivyoacha sir. Chini ya wavu inatakiwa trei ya kudakia mafuta, yenye maji, ili nyama isikauke. Sir hutumia trei za karatasi ya bati, na zilikuwa zimekwisha. Kulikuwa bado giza. Nikapapasa kwenye meza ya vyombo nyuma ya jikoni, mkono ukashika kitu kinachotosha, nikakijaza maji, nikakisukuma ndani, nikafunika.

Nilikaa. Saa nne joto lilikuwa linapanda vizuri. Saa sita likagoma, kama nilivyofundishwa, na mimi nikakaa tu, nimevaa gauni langu la kanisani na aproni juu yake, peke yangu uani, nikiongea na nyama. Saa saba nikafunua niongeze maji. Ndipo nilipoyaona maua mekundu. Mafuta ya nguruwe yalikuwa yanadondoka, tone, tone, juu ya maua mekundu ya bakuli la Bibi. Nilikuwa nimeliosha Ijumaa jioni, nikaliweka pale pale mezani lisubiri zamu yake ya kurudi.

Kabati la juu lote, sufuria ya Bibi, kisu cha Bibi, miaka mitano ya uangalifu, halafu mkono wangu mwenyewe. Hata sikulitoa. Lingetoka limeshaharibika vile vile. Nikafunika pipa.

Jioni bega likaiva. Nilivuta mfupa kwa vidole viwili ukatoka mweupe, mkavu, na nyama ikachambuka nyuzi nyuzi, tamu kuliko ya sir, nasema bila haya. Kilo tatu za nyama na mdomo mmoja. Nilikula nimesimama. Mama akapiga simu ya video, picha inakatika, nyuma yake kaka, dada, watoto nisiowajua majina. "Umekula?" Nimekula, mama. "Na nani?" Nikasema, "Na jirani." Akafurahi mno. Akasema, "Huyo jirani mshukuru sana, mwambie mama yako anamwombea." Nikasema nitamwambia.

Siku tatu nililisugua lile bakuli. Sabuni, siki, maji ya moto. Liling'aa kuliko lilivyoletwa, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Shetani hakunijia na pembe. Alikuja na hoja nzuri kabisa: Bibi ni mzee, ukimwambia utamuumiza, nawe utabaki na nani? Lakini nilimwona atakavyotia bokoboko humo, ale, kisha atawadhe asimame kusali, na amesema ananiamini. Siku ya nne niligonga mlango wa chuma, nikasema yote nimesimama, bila kutoa shikamoo vizuri.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudi ndani, na nilidhani ndiyo khalas, urafiki umekwisha. Akatoka na udongo kiganjani, alioutoa kwenye chungu cha mrehani wake. "Kwa madhehebu yetu sisi najisi hii ina dawa," akasema. "Mara saba kwa maji, mojawapo kwa udongo. Lete bomba." Tukachuchumaa pale uani, mimi nasugua, yeye anahesabu. Ya kwanza kwa udongo. Ya pili, ya tatu. Ya nne maji yakamrukia kanzu, akacheka kidogo, nami nikapata nguvu. Ya saba akasema, "Lishatwahirika. Yamekwisha."

Na hapo, mbele ya macho yake, nikalikausha bakuli kwa kitambaa safi na kumpa. Jikoni kulikuwa na maandazi ya asubuhi, niliyapika kwa sufuria yake ya kabati la juu. Niliyakumbuka. Niliona aibu kumpa mwanamke yule chakula cha mkono wangu saa ile, niliona nitakuwa namkera, atapokea kwa adabu tu akakitupe. Bibi alitazama ndani ya bakuli. Akanitazama mimi. Akasema, "Haya," akaingia kwake.

Ijumaa mlango haukugongwa. Wala Ijumaa ya pili. Wiki ya tatu nikaanza kukasirika, maana mimi huzuni haikai kwangu bila kuchacha. Nikasema, kumbe ile saba ilikuwa ya bakuli tu, mimi sikuoshwa. Kama ananiona najisi, si aseme? Na mimi nikanuna. Sikugonga. Madam aliporudi akaniuliza mbona siku hizi napiga sufuria, nikamwambia zinateleza.

Ramadhani ikaingia. Miaka yote bakuli lilipita kila magharibi, na mimi Mkristo nilikuwa nafuturu kama mtu aliyefunga. Safari hii nilikaa karibu na ukuta nikasikia vijiko vyao. Sikwenda. Nilimwambia mama kwenye simu kwamba jirani hajambo, anakusalimu. Nilikuwa nimeshazoea kudanganya.

Baada ya Idi, asubuhi moja, nikaona lori la kuhamisha vyombo mbele ya lango lao. Mwanawe alikuwa amepata kazi Al Ain, na familia nzima inahama. Nilijua kwa kumsikia akiwaamrisha wapagazi. Hasira zote zikaniisha pale pale, nikatoka na kandambili za jikoni. Bibi alikuwa ameshakaa kwenye gari, kiti cha mbele, mlango wazi, na bakuli liko mapajani, kwa sababu vitu vinavyovunjika hakuwaamini wapagazi, ingawa bati halivunjiki.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

Nikamwambia, "Najua ulichukia mambo ya yule nguruwe. Sikulaumu."

Akanigeukia kama mtu aliyeambiwa kitu cha ajabu. "Nguruwe? Nguruwe si tulimwosha?" Akakunja kanga yake vizuri. "Wewe ulinirudishia bakuli tupu, mwanangu. Mkononi mwangu. N'kasema, basi, mtoto huyu kachoka na mimi, ananiambia nisilete tena. N'takulazimisha?"

Miezi mitatu. Mimi upande huu nangoja anisamehe, yeye upande ule amekaa na wajukuu wasiojua lugha yake, anaamini nimemfukuza.

"Yalla, mama," mwanawe akaita. Nikamwambia Bibi asubiri, asiende, nikachukua lile bakuli mapajani mwake bila ruhusa nikakimbia. Jikoni hakukuwa na kitu kilichoiva. Wali ulikuwa bado maji, na nyama ya watoto ilikuwa ya nguruwe, la haula. Palikuwa na ndizi mbivu, mkungu mdogo nilioununua mwenyewe kwa ajili ya kuzitazama tu, maana zinanikumbusha kwetu. Nikazichana zote nikazijaza mpaka zikapita ukingo. Nilipotoka, injini ilikuwa inanguruma.

Bibi akazipokea, akazipanga vizuri zisianguke. Hakunishukuru, wala hakuaga. Akafunga mlango wa gari na kuliweka bakuli mapajani, akalishika kwa mikono miwili, wakaondoka.

Nyumba ile bado tupu. Jumapili mama alipiga simu. Umekula? Nimekula. Na nani?

"Peke yangu, mama," nikasema. "Jirani amehama."

Akasema, "Pole, mwanangu. Sasa ndiyo basi tena?"

"Hapana," nikamwambia. "Bakuli liko kwake."