Munyu wa Kukhu na Chumvi ya Pakiti

Sogea karibu, wewe uliyekulia mtaa wa Ziwani, Nairobi, uliyecheza bano, zile gololi, vumbini hadi mama akakuita kwa majina yako yote ndipo ukajua mchezo umekwisha. Enzi zetu jioni haikuja kwa saa, ilikuja kwa harufu. Moshi wa makaa ulitanda kati ya nyumba na nyumba kama shuka jepesi, na kila mlango ulikuwa na jiko lake: huku muthokoi wa akina Mutua, mahindi yaliyokobolewa, ukitokota taratibu, kule dagaa wa omena, na hapa kwetu, watu wa magharibi, mrenda, ile mboga ya kuteleza. Ungeweza kupita umefumba macho na bado ukawataja majirani wote bila kukosea.

Mrenda wetu haukutiwa chumvi ya dukani. Mama alipokuwa mjamzito, Kukhu, nyanya yetu mzaa baba, alikuja kukaa nasi akiwa na gunia la maganda makavu ya maharagwe. Aliyachoma nyuma ya nyumba, akayatia majivu kwenye kopo lililotobolewa chini, kisha akamimina maji juu. Tulichuchumaa kutazama matone ya rangi ya chai yakidondoka bakulini, tone, tone, mpaka kope zikawa nzito. Maji hayo ndiyo munyu. Hulainisha mboga ngumu, na yana ladha ya chumvi kwa mbali, kwa hiyo Kukhu hakuona haja ya nyingine. Maharagwe, munyu. Kunde, munyu.

"Chumvi ya pakiti ni mchanga uliooshwa," alisema, na Baba akaitikia kwa kichwa huku akipangusa sahani kwa tonge la mwisho.

Kukhu alikuwa na rovu, uvimbe wa shingoni, laini na mkubwa kama chungwa. Sisi watoto tuliamini ndimo alimohifadhi nyimbo. Akiimba, rovu lilipanda na kushuka, nasi tukasinzia tukingoja wimbo mpya utoke. Dada yangu Nasimiyu alikuwa akimwomba Mungu ampe lake.

Kisha shingo ya Mama ikaanza kujaa.

"Mama naye anapata nyimbo!" Nasimiyu akashangilia.

Mama hakucheka. Alikwenda kliniki ya wajawazito, akarudi, akaketi kando ya jiko. Macho yakiwa chini, kwa heshima, akamweleza Kukhu aliyoambiwa na nesi. Mwili unahitaji madini yaitwayo iodini, kidogo tu, lakini siku zote. Udongo wa kwetu milimani una kidogo mno, ndiyo maana hutiwa kwenye chumvi ya dukani. Majivu hayawezi kuziba pengo hilo. Madini hayo yakikosekana, shingo huvimba kwa kujitahidi kukamata hata chembe. Na mtoto aliye tumboni huyahitaji ili ubongo wake ukue.

"Mimi nimezaa saba kwa munyu," Kukhu alisema. "Nani alikufa?"

"Hakuna, Mama."

"Basi huyo nesi wako aje anifundishe kuzaa."

Mama akakoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa. Kwetu, mke wa mwana kukataa chumvi ya mkwewe ni kama kuukataa mkono wake. Na tumbo lilikuwa likiendelea kukua.

Kukhu akasogeza kigoda chake karibu. "Umesema ubongo?"

"Ndiyo, Mama."

"Na Simiyu?"

Simiyu alikuwa kitinda mimba wake, aliyebaki kijijini: mtu mzima aliyechelewa kutembea, asiyesikia vizuri, mwenye maneno machache tu. Miaka yote watu walinong'ona kwamba alirogwa.

"Hatuwezi kujua," Mama alisema polepole. "Huenda ni hilo, huenda ni jingine. Lakini wewe hukuambiwa na mtu, Mama. Ungejuaje?"

Kukhu aliyatazama makaa mpaka yakaanza kuvaa majivu. Kisha akamgeukia Nasimiyu. "Kimbia dukani ulete hiyo pakiti. Na muuzaji akupe isiyoloa, usikubali kuchezewa!"

Munyu haukutupwa. Uliendelea kulainisha mrenda, lakini chumvi ya pakiti ndiyo iliyokoleza chakula. Shingo ya Mama ilipungua kidogo kidogo. Mtoto alizaliwa akilia kwa sauti iliyoamsha majirani wote, na hadi leo ndugu yetu huyo ana mdomo kuliko makanga wa matatu. Rovu la Kukhu halikuondoka. Lilikuwa la zamani mno.

Siku hizi ninaishi Njiru, ambako jioni hufungiwa ndani ya vioo na gesi. Binti yangu hununua chumvi ya mawe yenye rangi ya waridi, ndani ya chupa yenye kinu. "Mathe, hii ni ya asili, haina kemikali," huniambia, kisha hupiga picha sahani mpaka ugali upoe. Chumvi hiyo ni nzuri machoni, ila nyingi ya aina yake haijatiwa iodini. Natamani sana ule moshi wa Ziwani. Zile shingo sizitamani.

Basi ukienda dukani, geuza pakiti usome. Kama haikuandikwa kuwa imetiwa iodini, irudishe. Iliyo nayo, itie kwenye kopo lenye kifuniko, uiweke mbali na moto na jua, na uitumie kwa kiasi, chakula kikikaribia kuiva.